Mhandisi Aliyekataa Mtu Afe, Hata Kitabuni

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu mhandisi wetu wa usalama anastaafu, baada ya kufanya kazi katika kiwanda hiki cha sabuni kwa miaka thelathini na moja. Ofisa utumishi alitaka kuandika wasifu huu wa jarida letu yeye mwenyewe. Alikwisha kuuanza, na nimeuona: una "mchapakazi", "mwadilifu" na "mfano wa kuigwa" katika mstari mmoja, kama nguo zilizobanwa kwenye kamba fupi. Mhandisi akamwambia aache, aandike Bibi wa chai.

Bibi wa chai ni mimi. Shule niliiacha darasa la nne, na sikuiacha kwa kupenda. Kusoma najua, kuandika najua, na kama kuna herufi imekaa vibaya humu, mjue mpiga chapa ameikuta hivyo akaogopa kuigusa. Wala msiniulize kwa nini mimi sistaafu na nimemzidi umri. Mtu hastaafu kazi ambayo hakuna aliyewahi kumwandikia barua ya kuianza.

Alipokuja, ofisi ya wahandisi ilikuwa ya wanaume watupu. Wakagawana: huyu boila, huyu umeme, huyu mashine za kukatia miche ya sabuni. Kilichobaki mezani kikawa usalama. Wakampa yeye, kama unavyompa mtoto mwiko achezee ili akuachie sufuria. Usalama siku hizo ulikuwa ndoo ya mchanga mlangoni, na ndani ya ndoo vipisi vya sigara. Akaupokea mwiko wake akashukuru. Ile ndoo aliimwaga siku hiyohiyo, akaokota vipisi kimoja kimoja, akavipeleka ofisini kwao kwenye sahani.

Sasa nawaeleza jambo ambalo vijana wa humu mnalifanya kila siku bila kujua lilitoka wapi. Zamani mtu akiingia ndani ya pipa la kuchanganyia ili alisafishe, swichi ilifungwa kwa kufuli moja tu, na ufunguo ulikaa na msimamizi wa zamu. Zamu ikibadilika, ufunguo unahamia mfuko mwingine, na habari ya nani yumo ndani inabaki mdomoni mwa mtu anayekimbilia basi. Siku moja fundi wa mapipa alikuwa ndani anakwangua sabuni iliyogandia. Msimamizi mpya akafungua kufuli, akawasha. Fundi tulimtoa hai. Mguu wake mnaujua: ni yule anayegawa glavu dirishani, ambaye hacheki na mtu anayekuja kuomba glavu ya mkono mmoja.

Mhandisi alikwenda hospitali akamuuliza fundi kila kitu, na fundi akamweleza kwamba mapanga ya kuchanganyia yalipoanza kuzunguka hakuwaza kufa. Aliwaza kwamba ufunguo wa nyumba anao yeye, na mkewe akirudi atakuta mlango umefungwa. Mhandisi akaliandika hilo kwenye ripoti. Ripoti ikarudi kutoka juu imechorwa mstari mwekundu palepale, na pembeni imeandikwa: tunataka sababu, si hadithi.

Alikuja nayo jikoni kwangu. Hakulia. Alikuwa na ile hasira ya mtu anayekunja nguo vizuri kupita kiasi. Nikamwambia anisomee. Alipofika kwenye ufunguo wa nyumba, niliacha kuosha vikombe. Akaniona nimeacha. Nadhani maisha yake ya kuandika yalianzia hapo, ingawa yeye husema yalianzia shuleni.

Akaleta utaratibu mpya. Kila anayeingia ndani ya mashine afunge swichi kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo akae nao mfukoni mwake, na hakuna mwingine wa kulifungua, hata awe nani. Mlinung'unika, ninyi na baba zenu. Kufuli zito, linachelewesha, sisi si watoto. Kufuli lilikuja na kadi ya kutundika, imeandikwa HATARI USIWASHE na picha ya fuvu, na hakuna aliyeitazama mara ya pili. Hapo Mhandisi akaigeuza kadi ya kwanza upande mweupe, akaandika kwa mkono wake: "Nimo ndani ya pipa. Ufunguo wa nyumba yetu ninao mimi." Akaitundika. Mtu wa kwanza kupita akasimama. Wa pili akasimama. Akatangaza kwamba kila mmoja aandike kadi yake kwa maneno yake, asijisifu wala asidanganye.

Mkaharibu, kama kawaida yenu. Fundi mikanda akaandika kwamba yumo ndani na mkewe amejifungua mapacha, mkampongeza. Fundi umeme, ambaye hajaoa, akaandika: "Nimo ndani. Natafuta mke. Asiyependa kelele asijisumbue." Tukacheka wiki nzima. Baada ya hapo kila mtu akawa na jambo la kuwaambia walimwengu. Mashine zikaanza kufungwa kwa sababu zisizoeleweka. Mtu anasema amesikia mlio, anafunga, anatundika kadi yake, kisha anasimama kando kuwaangalia wanaosoma. Kuna siku mashine zote za kukatia miche zilisimama kwa pamoja, na ndani yake hamna hata panya. Waandishi walikuwa nje wanasubiri sifa.

Mkurugenzi alishuka mwenyewe, jambo ambalo halitokei, akataka kadi zifutwe. Mhandisi alisema mbele ya watu wote kwamba kosa ni lake: aliwaonjesha watu utamu bila kuwapa mahali pa kuula. Akaomba ukuta wa chumba cha chakula. Kadi ibaki ya mstari mmoja, kwa ajili ya roho ya mtu. Mwenye maneno marefu ayapeleke ukutani. Na atakayefunga mashine ambayo hayumo, atasafisha pipa la magadi peke yake, kisha aandike hadithi ya jinsi lilivyonuka. Hadithi tatu nzuri sana zilipatikana kwa njia hiyo. Ukuta mnao mpaka leo. Wengine mnaufutia mikono, nawaona.

Yeye mwenyewe aliandikia mezani kwangu, ile meza ya pembeni karibu na sinki, kabla ya king'ora cha asubuhi. Nyumbani kulikuwa na watoto, mume na mama mkwe, na kila mmoja alimtaka mzima mzima. Aliandika kwa penseli nyuma ya karatasi zilizotumika, halafu ananisomea nikipanga vikombe.

Hadithi zake za kwanza zilikuwa mbaya. Nilimwambia siku zile na narudia leo. Mtu anapanda ngazi, mwenzake anaishika ngazi, anashuka. Mtoto anataka kuvuka barabara, anatazama huku, anatazama kule, anavuka. Nikamwambia: "Mdogo wangu, hadithi zako watu wote wamevaa kofia ngumu. Kitatokea nini humu?" Alicheka mpaka chai ikampalia. Alipomaliza kukohoa akasema kazi yake mchana kutwa ni kuhakikisha hakuna kinachotokea, na akishika penseli mkono haujui kwamba zamu imekwisha.

Jambo hilo nimeliwaza sana tangu siku ile. Mwalimu akifanya kazi vizuri mnamwona mtoto anasoma. Mpishi mnakula. Mtu wa usalama akifanya kazi vizuri mnaona nini? Mnaona siku ya kawaida. Mnarudi nyumbani mnalalamika kwamba leo hakuna jipya. Hilo "hakuna jipya" ndilo alilokuwa akilipika miaka yote, na hakuna aliyemwambia chumvi imekolea.

Polepole akajifunza kuwavua watu wake kofia. Kitabu chake cha hadithi fupi kikatoka, kikafuatiwa na cha watoto. Hadithi yake ya shangazi mkorofi ilisomwa redioni tukaisikiliza hapa jikoni, watu wamejaa hadi mlangoni. Yule shangazi anaongea kama mtu ninayemfahamu vizuri sana. Nimemsamehe. Lakini hata humo watu waligombana, walisalitiana, waliachana, na hakuna hata mmoja aliyevunjika kidole.

Msidhani kalamu yake ilikuwa ya upole tu. Meneja wa uzalishaji, huyu tuliye naye, alipokuwa mgeni hakutoka nje siku ya zoezi la moto. Alikuwa kwenye simu, akapunga mkono kwamba waendelee. Kesho yake ripoti ya zoezi ikabandikwa: wafanyakazi wote wametoka salama isipokuwa meneja wa uzalishaji, aliyefariki kwa moshi akiwa mezani, ameshika simu, ameacha mke na kikombe cha chai ambacho hakijaoshwa. Watu wakampa mkono wa pole korido nzima. Hadi mkewe akapata habari, akapiga simu kuuliza mazishi ni lini. Zoezi lililofuata meneja alifika uwanjani kabla kengele haijamaliza kulia. Mtaona basi kwamba kuua kwa kalamu aliweza, kama maiti anatembea.

Tatizo likawa kitabu kirefu. Kinahusu fundi mmoja wa kiwandani, mkewe na watoto wao. Nimekisikia chote nikipanga vikombe, na mara mbili nimeunguza maziwa kwa ajili yake. Ilibaki sura moja, na tangu ibaki, watoto wa Mhandisi wameoa na kuolewa. Katika sura hiyo fundi anakufa. Kila kitu tangu ukurasa wa kwanza kinaelekea huko, na ni yeye mwenyewe aliyekielekeza. Lakini akifika pale mke anaposikia king'ora akiwa mlangoni, anaweka penseli chini, anakwenda kukagua mitungi ya zimamoto. Hakuna mitungi iliyokaguliwa kama ya kiwanda hiki, na sasa mmejua sababu.

Mwanzoni mwa mwaka huu mkurugenzi akamwomba abaki kwa mkataba, miaka miwili zaidi. Ilipotangazwa mkapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilimngoja jikoni, nikamwambia, na ameniruhusu kulisema hapa: "Unatukimbilia sisi ili usimuue mtu wa karatasi. Miaka miwili ikiisha utaomba mingine. Mwisho macho yatakataa, na yule mwanamke wako atabaki mlangoni milele anasikiliza king'ora." Akanijibu kwamba akiondoka halafu mtu akaumia, hatajisamehe. Nikamuuliza, na ukibaki akaumia? Alininunia. Akawa anapita jikoni anakunywa maji ya bomba, anaondoka. Sikujali. Nimenuniwa na watu wazito kuliko yeye.

Asubuhi ya kusaini ikafika. Na asubuhi hiyohiyo kikaushio, lile sanduku refu lenye mikanda ambamo sabuni hukaukia, kilikutwa kimefungwa kwa kufuli la fundi mikanda wa zamu iliyotoka. Kadi yake ilisema: "Nimo ndani. Nina usingizi, lakini nimo." Wakamwita, hakuitika. Simu yake imezimwa. Lori la mzigo lilikuwa getini linaunguruma. Meneja akasema huyo ameondoka akasahau, akaagiza mkasi mkubwa wa kukatia kufuli.

Mbele ya swichi akasimama mama mmoja wa ufungashaji, mnayemwita Spika kwa sababu ya sauti yake. Ana cheo gani? Hana. Alikuwa na mche wa sabuni mkononi, basi. Meneja akamwambia apishe, mtu yuko nyumbani kwake.

"Labda, bosi," Spika akasema. "Hiyo labda yako tukiikuta kwenye mkanda, utaifunga karatasi wewe?"

Wakamulika ndani kwa tochi mpaka kwenye kona, na baada ya kona tochi haifiki. Meneja akasema, umeona, hamna mtu.

"Nimeona hajaonekana."

Wenzake wakaja mmoja mmoja, wakasimama naye. Hakuna aliyekuwa amewaita. Ikabidi pikipiki itumwe nyumbani kwa fundi. Na wala hakuwemo kwenye mashine. Alikutwa kitandani anakoroma, ufunguo umo mfukoni mwa suruali iliyolowekwa kwenye beseni. Nusu ya asubuhi ikawa imepotea, lori limekwenda tupu, meneja amefura shingo. Akageuka akamwona Mhandisi amesimama kwenye ngazi, maana sauti ya Spika ilikuwa imefika ghorofani. Akamwambia, waambie watu wako kila sheria ina mpaka. Mhandisi akamjibu kwa adabu kwamba amechelewa, hao si watu wake tena. Akapanda ngazi. Mkataba akaurudisha bila saini.

Mchana alikuja kunywa chai. Nikaweka kikombe. Akasema mwenyewe: "Bibi, angekutwa mle ndani, ningebaki. Ningejiambia wananihitaji. Lakini hakuwemo, na bado walingoja."

Nasema hili kwa faida ya wanaomcheka Spika mpaka leo kwamba alisimamisha kiwanda kwa ajili ya mtu aliyelala kwake. Mnacheka kitu msichokijua. Kumngoja mtu aliyemo ndani ni rahisi, hata mbwa hungoja. Mkurugenzi alilielewa hilo kuliko ninyi, na kuanzia mwezi ujao Spika ndiye atakayewafundisha wageni habari ya makufuli. Meneja ameafiki, ingawa alichukua wiki kadhaa kuutafuta mdomo wake.

Jumatatu iliyofuata siku ile ya mkataba Mhandisi alikuja mapema, akakaa mezani kwake karibu na sinki. King'ora kikalia, hakuinuka. Tangu nimjue hajawahi kuchelewa zamu. Nikampelekea chai, ikapoa. Nikambadilishia, ikapoa. Wafanyakazi wakaingia mapumziko ya saa nne, wakajaa na kelele zenu zile, naye bado ameinama. Halafu akainua kichwa, macho mekundu, akanitazama juu ya vichwa vya watu wote, akasema: "Amekufa, Bibi."

Mhandisi wa usalama anasema mtu amekufa! Vikombe vikawekwa chini. Spika hakuuliza ni nani. Alipanda juu ya benchi akaanza kuita watu kwa idara zao, walio hai waitike, na watu wakaitika, boila, mapipa, ufungashaji, na meneja aliyekuwa amefuata chai yake akaitika kwa sauti kuliko wote. Fundi wa glavu akaingia anachechemea na sanduku la huduma ya kwanza. Ikabidi nipige sufuria kwa mwiko niwaambie watulie, ni mtu wa kitabuni.

Nilijua mtacheka. Nilikwisha kuandaa matusi. Spika akashuka kwenye benchi, akasogea mpaka pale mezani, akauliza: "Ameacha watoto?"

"Wawili," Mhandisi akasema.

Spika akavuta kiti akakaa, akamshika mkono. "Pole sana, dada."

Akaja fundi wa glavu, akasema pole. Akaja fundi umeme, na wale wasichana wa ufungashaji, na hata wale wa zamu nyingine ambao hawakujua ni kitabu gani. Mkapita mmoja mmoja mkampa mkono, kwa ajili ya mtu wa karatasi, mapumziko yakaisha na watu bado wamepanga foleni. Hapo nilijigeuza nikaosha vikombe vilivyokuwa visafi. Katika maisha yangu humu nimewasema sana, na nitaendelea kuwasema, lakini siku hiyo hamkunipa la kuwasema.

Kitabu kipo kwa mchapishaji. Kitatoka kitakapotoka, na kila mmoja wenu atanunua chake. Sitaki kuona kimoja kinazungushwa zamu nzima mpaka kinachakaa.

Halafu nawaonya. Namba yake mnayo. Mkisikia boila inapiga mluzi, mwiteni fundi wa boila. Mkisahau namna ya kuvaa miwani ya kinga, muulizeni Spika. Nitakayemsikia amempigia mama huyu kumuuliza mtungi wa zimamoto uko wapi, chai yangu ataisikia kwa harufu.

Nawe, mdogo wangu, asante. Hawa wanaolishika jarida hili wamelishika kwa vidole kumi, karibu wote, na hawajui kwamba ni kazi ya mtu. Umetulinda kwa mkono mmoja, ukatuandika kwa mwingine, na sahani ya vipisi sijaisahau. Nenda ukaishi vizuri na mzee wako na wajukuu. Uchelewe kuamka. Chai unywe ikiwa moto. Na ukikaa na penseli yako, usimshikie mtu ngazi. Acha mambo yatokee.